Uso Uliopigwa Msasa: Mashine Inafika Wapi?

Matangazo ya mikrodemabrasheni, huduma ya kukwangua ngozi ya uso kwa mashine, kwa kawaida hubeba ahadi mbili. Ya kwanza ni kwamba uso utang'aa. Ya pili ni kwamba makunyanzi yatapungua kwa sababu ngozi itatengeneza kolajeni mpya, ile protini inayoipa ngozi uimara. Ahadi zote mbili zina ushahidi nyuma yake, lakini hazitokani na kazi moja. Kung'aa hutokea kwenye utando mwembamba wa juu kabisa, na mteja huona mng'ao huo kwenye kioo kabla hajainuka kitini. Kolajeni hutengenezwa chini zaidi, kwa siku kadhaa, tena pale tu ngozi iliposumbuliwa kiasi cha kutosha. Mashine iliyopangwa kwa ajili ya kazi ya kwanza inaweza isifanye ya pili kabisa.

Ndiyo maana watu wawili waliofanyiwa huduma yenye jina lilelile wanaweza kutoa ushuhuda unaopingana, na wote wakawa wakweli. Ili kuwaelewa, inabidi kujua kichwa cha mashine kinagusa wapi na watafiti walipimaje kinachotokea baada ya hapo.

Kutoka brashi ya waya hadi punje

Kusaga ngozi ili iote upya ni kazi ya zamani. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Ernst Kromayer alikuwa tayari anatumia visagio vidogo vinavyozungushwa kwa mota kuondoa makovu na kasoro za ngozi. Katika miaka ya 1950, Abner Kurtin wa New York aliiendeleza mbinu hiyo kwa brashi ya waya inayozunguka kwa kasi, ngozi ikiwa imegandishwa kwanza kwa dawa ya kupulizia. Njia hiyo, inayoitwa demabrasheni, inafika ngozi ya ndani. Damu hutoka, ganzi inahitajika, kidonda kinauguzwa kwa wiki moja au mbili, na wekundu unaweza kubaki kwa miezi. Ina nguvu, na madhara yake yana nguvu vilevile: makovu, maambukizi, na ngozi kubadilika rangi.

Mwaka 1985 nchini Italia, Marini na Lo Brutto walikuja na wazo jepesi zaidi. Badala ya brashi, walirusha punje ndogo za oksidi ya alumini kwenye ngozi na papo hapo kuzinyonya kwa pampu, bila damu wala ganzi. Mashine hizo za mikrodemabrasheni ziliingia Marekani katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 na kusambaa haraka, kwanza kwa madaktari wa ngozi, kisha saluni na spa.

Usambaaji huo ulisaidiwa na utaratibu wa kiserikali. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliziweka mashine hizi katika daraja la kwanza la vifaa tiba, yaani vifaa vyenye hatari ndogo. Mtengenezaji wa kifaa cha daraja hilo hakulazimika kuleta majaribio yanayothibitisha kwamba kinafanya anachokitangaza. Soko likatangulia, vipimo vikafuata. Maneno mengi tunayoyasikia hadi leo kuhusu huduma hii yalizaliwa katika pengo hilo.

Ndani ya kishikio

Mashine ya punje ni rahisi kuielewa. Kishikio chake kina kichwa chenye tundu dogo. Pampu ikiwashwa na tundu likiwa wazi, hakuna punje inayoruka. Mashine inavuta hewa tupu. Tundu likizibwa na shavu, njia ya hewa inafungika, ngozi inavutwa juu kidogo, na punje zinakuja mbio kwenye bomba moja, zinagonga ngozi, kisha zinaondoka kwa bomba la pili pamoja na mabaki ya ngozi mfu hadi kwenye chupa ya taka. Oksidi ya alumini ina ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs, ambacho almasi inashika 10. Ni madini yaleyale yanayogundishwa kwenye karatasi nyingi za msasa.

Katika mashine za aina ya pili, zilizokuja baadaye, hakuna punje zinazoruka. Kichwa chenyewe kimebandikwa chembe za almasi, na pampu inanyonya vumbi la ngozi kupitia tundu la katikati. Vichwa hivi vinatofautiana kwa ukali kama msasa wa fundi seremala: kuna wa kulainisha, wa kati na wa kukwangua. Tofauti hii itakuwa na uzito mkubwa mbele.

Kina cha kazi kinategemea mambo matano: nguvu ya pampu, wingi wa punje, ukubwa wa punje au ukali wa kichwa, kasi ya mkono, na idadi ya mapito. La nne ndilo linalowadanganya wengi. Mkono unaokwenda polepole unaonekana mpole, lakini unaiacha ngozi chini ya kishikio kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo unakwangua zaidi.

Mtazame mhudumu anayeijua kazi. Kwa vidole viwili vya mkono mmoja anaivuta ngozi ya shavu mpaka ikaze, kisha mkono wa pili unapitisha kishikio kwa mstari ulionyooka, bila kusimama. Pito la pili analipeleka kwa kukata lile la kwanza, ili lisibaki eneo lililorukwa wala lililokwanguliwa mara mbili kwa bahati mbaya. Akifika karibu na macho au shingoni anapunguza nguvu, kwa kuwa ngozi ya huko ni nyembamba. Kule kukaza ngozi kuna sababu. Ngozi iliyolegea ikinyonywa, huingia kwa wingi tunduni, vimishipa vya damu vinapasuka, na mteja anatoka na michirizi myekundu au ya zambarau. Wazee na wanaotumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu ndio wanaoumia upesi zaidi.

Mashine ya punje ina masharti yake pia. Macho ya mteja lazima yafunikwe, maana punje moja ikiingia inaweza kukwaruza mboni. Punje zilizokwisha kutumika hutupwa. Hazirudishwi kwenye mashine. Kichwa cha almasi husafishwa na kutakaswa baada ya kila mteja, na kichujio hubadilishwa. Uso wenye chunusi zilizoiva, malengelenge ya homa mdomoni au vidutu vinavyoambukiza haukwanguliwi, la sivyo kishikio kinageuka kuwa chombo cha kueneza maradhi.

Mahali mng'ao unapotoka

Ngozi ya uso ina tabaka la nje la seli zilizokufa, lenye unene wa takriban mikromita 10 hadi 20. Mikromita elfu moja ndizo milimita moja. Chini ya tabaka hilo kuna seli hai za epidermisi, na yote hayo kwa pamoja hayazidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita. Kisha inakuja dermisi, yenye unene wa milimita moja hadi mbili, na humo ndimo kolajeni inamokaa. Katika kiwango cha kawaida cha saluni, mashine inashughulika na lile tabaka mfu.

Huko kuna kazi ya maana. Kadiri umri unavyosogea, seli mfu hukawia kubanduka. Zinarundikana bila mpangilio, mwanga unatawanyika ovyo, na uso unaonekana umefifia. Ukiuondoa mrundikano huo, mwanga unaakisiwa sawasawa na mkono unahisi ulaini mara moja. Pampu nayo inaongeza damu na uvimbe mdogo sana unaojaza mistari myembamba kwa saa kadhaa. Hiyo ndiyo siri ya picha za "kabla" na "baada" zinazopigwa siku ileile.

Wanawake wa pwani wanaujua mng'ao huu bila mashine. Anayemsinga bibi harusi hupaka singo, huiacha ikaukie mwilini, kisha huisugua kwa kiganja mpaka idondoke vipande vipande ikiwa imebeba ngozi mfu. Tofauti ya mashine ni kwamba kiasi kinachoondolewa kinaweza kupangwa na kurudiwa vilevile wiki nyingine. Kwa yote mawili, tabaka mfu linajirudisha lenyewe ndani ya takriban wiki mbili, na mng'ao unaondoka. Ndiyo maana kliniki hupanga mfululizo wa vikao vitano hadi kumi na mbili, vikipishana kwa wiki moja au mbili.

Tabaka hilo mfu lina kazi nyingine: ni ukuta. Linazuia maji yasitoke na vitu vya nje visiingie. Watafiti wa chuo cha Georgia Tech cha Atlanta, wakiwa na Mark Prausnitz, wameitumia mikrodemabrasheni makusudi kuuondoa ukuta huo ili dawa zipite kwenye ngozi bila sindano. Kinachomfaa mtafiti huyo kinamtahadharisha mteja wa saluni. Krimu iliyokuwa haiwashi jana inaweza kuchoma leo, mara tu baada ya kukwanguliwa, kwa sababu inaingia nyingi zaidi. Kwa siku moja au mbili uso unataka losheni isiyo na manukato wala asidi, na kinga ya jua.

Jinsi kolajeni ilivyopimwa

Sasa tuje kwenye ahadi ya pili. Ikiwa mashine inaishia kwenye tabaka mfu, itaifikiaje dermisi?

Swali hilo lilishughulikiwa na idara ya magonjwa ya ngozi ya Chuo Kikuu cha Michigan, ambako tangu miaka ya 1990 Gary Fisher, John Voorhees na wenzao walikuwa wanachunguza jinsi jua linavyozeesha ngozi. Mwaka 1996 walionyesha katika jarida la Nature kwamba mionzi ya jua huamsha vimeng'enya vinavyokata nyuzi za kolajeni. Kila mwaka wa jua unaacha vipande zaidi vilivyokatika, na seli zinazotengeneza kolajeni, fibroblasti, zinapoteza nyuzi imara za kushikilia na kupunguza kazi. Hapo ndipo makunyanzi yanapoanzia.

Timu hiyohiyo, Darius Karimipour akiwa mwandishi wa kwanza, iliichukua mikrodemabrasheni maabara. Katika utafiti uliochapishwa 2005 waliifanyia ngozi ya watu kikao kimoja, wakakata vipande vidogo vya ngozi na kupima jeni na protini zilizoamka. Waligundua kwamba mfumo wa mwili wa kuponya kidonda uliwaka ingawa epidermisi ilikuwa karibu nzima. Kwa maneno mengine, punje hazikuhitaji kufika kwenye dermisi. Seli hai za juu zilipokwaruzwa zilituma ishara za kemikali chini, na dermisi ikajibu kama vile imejeruhiwa.

Utafiti wao wa 2009 ndio uliotenganisha kung'arisha na kujenga. Walichukua watu 40 wenye umri wa miaka 50 hadi 83 walioharibiwa ngozi na jua. Wengine walikwanguliwa kwa kichwa cha almasi chenye chembe kubwa, wengine kwa kichwa cha ukali wa kati. Vipande vya ngozi vilichukuliwa kabla ya kikao na kwa nyakati mbalimbali baadaye, kuanzia saa 4 hadi siku 14.

Kichwa cha chembe kubwa kiliamsha mlolongo mzima. Kwanza zilipanda ishara za uvimbe na protini ya sitokeratini 16, ambayo seli za juu huitoa zikijeruhiwa. Vikafuata vimeng'enya vya kukata, vilevile ambavyo jua huviamsha, lakini safari hii kwa muda mfupi, vikiondoa nyuzi zilizokwisha kuchakaa. Kisha ikapanda prokolajeni ya aina ya kwanza na ya tatu, malighafi ya nyuzi mpya. Kichwa cha ukali wa kati kiliamsha baadhi ya ishara za juu, lakini kolajeni hiyo haikuja. Na gharama ya ukali huo kwa waliojitolea haikuwa kubwa: wekundu mdogo ambao kwa kawaida uliisha ndani ya saa mbili.

Hili ndilo jibu la ushuhuda unaopingana. Kuna kizingiti. Ukikaa chini yake unapata ngozi laini. Ukikivuka, na hapo tu, ndipo fibroblasti zinapoingia kazini.

Mkono si uso

Mwenye kutangaza kolajeni kwa kutegemea utafiti huo ana mambo mawili ya kumwambia mteja. Kwanza, ngozi iliyokatwa na kupimwa ilikuwa ya mkono, sehemu ya chini ya kiwiko, wala haikuwa ya uso. Ni chaguo la busara kwa mtafiti, kwani hakuna atakayejitolea kukatwa vipande shavuni, lakini uso una vinyweleo vingi, mafuta mengi na damu nyingi zaidi. Pili, kilichopimwa ni protini baada ya kikao kimoja. Protini kupanda kwa wiki mbili ni mwanzo mzuri, ila umbali kutoka hapo hadi mkunjo kupungua kwa macho ni mrefu. Mistari myembamba inaweza kulainika baada ya vikao vingi. Mikunjo mirefu kati ya pua na mdomo, au ngozi iliyoteremka kwenye taya, inatokana na mafuta, misuli na mifupa iliyobadilika chini yake. Hakuna msasa wa kuifikia.

Kwa ngozi nyeusi kuna hesabu ya tatu. Melanini ni kinga halisi. Vipimo vya Kaidbey na wenzake mwaka 1979 vilionyesha kwamba epidermisi ya watu weusi ilipitisha asilimia 7.4 tu ya mionzi ya UVB, ikilinganishwa na asilimia 24 kwa weupe. Kwa mionzi ya UVA ilikuwa asilimia 17.5 dhidi ya 55. Ndiyo sababu makunyanzi yanatuchelewea. Uzee wa ngozi nyeusi hutangulia kujionyesha kwa rangi isiyo sawa, mabaka, na vile vipele vidogo vyeusi visivyouma vinavyoota mashavuni na kando ya macho. Vipele hivyo mashine haiviondoi. Ikivikwaruza hutoka damu. Daktari wa ngozi huviunguza kimoja kimoja kwa kifaa cha umeme.

Melanini hiyohiyo inayokinga ndiyo inayoleta tatizo ngozi inapochokozwa. Uvimbe wowote, hata wa chunusi moja, unaweza kuacha doa jeusi kwa miezi. Katika kiwango cha upole mikrodemabrasheni inahesabiwa kuwa miongoni mwa njia salama kwa ngozi nyeusi, salama kuliko leza nyingi na kuliko kumenya ngozi kwa asidi kali. Lakini kolajeni iko upande wa ukali, na madoa yako upande huohuo. Anayepandisha nguvu ili afikie kizingiti cha Michigan anamsogeza mteja mweusi karibu na doa. Mwenye historia ya makovu yanayovimba ana sababu zaidi ya kuanza na daktari, siyo saluni.

Na kuna wale ambao hawafai kuguswa kabisa kwa sasa: watumiaji wa mkorogo, yaani krimu za kujichubua. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, ila bado vinauzwa, na vingine huchanganywa na krimu za steroidi. Steroidi ikipakwa muda mrefu huipunguza ngozi unene mpaka mishipa inaonekana. Ngozi ya namna hiyo ikikwanguliwa kwa kiwango cha kawaida inajeruhiwa. Weusi wa kibuluu unaoletwa na haidrokwinoni nao umejikita kwenye dermisi, hivyo kusugua juu hakuuondoi. Mhudumu makini huuliza mteja anapaka nini nyumbani kabla hajawasha pampu.

Pesa ianzie wapi

Ukilinganisha mashine hii na njia nyingine zisizo za upasuaji, nafasi yake inaonekana vizuri. Ya kwanza ni krimu ya kukinga jua. Huko Nambour, Queensland, nchini Australia, watafiti waliwafuata watu wazima 903 walio chini ya miaka 55 kwa miaka minne na nusu. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kuwa waliopaka krimu ya kukinga jua kila siku walipata uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka kwa hiari yao. Krimu za kukinga jua tunazo hata za hapa nyumbani: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kinashiriki kutengeneza Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao hawana melanini ya kuwatosha.

Inayofuata ni tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A. Mwaka 1993, Christopher Griffiths na wenzake wa Michigan waliripoti kwamba ngozi iliyoharibiwa na jua iliongeza utengenezaji wa kolajeni ya aina ya kwanza kwa asilimia 80 ilipopakwa dawa hiyo, wakati ngozi iliyopakwa krimu tupu ilishuka kwa asilimia 14. Inahitaji maelekezo ya daktari, hutumika kwa miezi mingi, huwasha mwanzoni, na mjamzito haitumii. Aliye nayo huiacha siku kadhaa kabla ya kukwanguliwa.

Mikrodemabrasheni inakuja ya tatu, kama nyongeza. Kwa mwenye uso uliofifia, vinyweleo vilivyoziba na mistari myembamba, ni nyongeza nzuri: haina kidonda, mtu anarudi kazini siku hiyohiyo, na akishindwa kuendelea hana alichopoteza. Kwa aliyeifuata kwa sababu ya kolajeni, mazungumzo yaanze kabla ya malipo. Kichwa cha mashine ni cha ukali gani? Kitapitishwa mara ngapi, na mpango ukoje endapo doa litajitokeza? Asiyeweza kujibu swali la kwanza anauza mng'ao wa wiki mbili. Ulipe bei ya mng'ao wa wiki mbili, na kinachobaki mfukoni ununulie krimu ya jua.